Maalimu Aliyelitetea Tembo

Siku hizi naambiwa ziko hospitali ambako mlevi anayetaka kuacha hupewa karatasi na rangi, achore yaliyo moyoni mwake, apone. Mjukuu wangu mmoja aliniletea habari hizo kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyeivumbua dawa. Nilimsikiliza kwa adabu. Mimi nilipewa daftari na ami yangu miaka ya hamsini, hapa hapa Tanga, nyumbani kwake Chumbageni, wala hakunipa ili nipone. Alinipa ili ninyamaze, kwa sababu makelele yangu yalikuwa yanamharibia kazi.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kufukuzwa. Nilikuwa dresa katika zahanati ya shamba moja la mkonge, njia ya kwendea Pangani. Dresa siku zile alikuwa mtu mkubwa: koti jeupe, kalamu mfukoni, na watu wanaokuamkia kana kwamba roho zao umezifungia kabatini. Manamba, vibarua wa mkataba wa kutoka bara, walikuja na vidonda vya miba ya mkonge, nami nikawasafisha kwa spiriti. Iliyobaki chupani nilijisafishia mwenyewe, kwa ndani. Tembo la mnazi nililinywa kwa kuwa ndicho kinywaji cha kwetu. Spiriti niliinywa kwa kuwa mimi ni mtu niliyesoma. Daktari wa Kizungu aliyekuja kukagua mara moja kwa mwezi aligundua kwamba spiriti inakwisha haraka kuliko vidonda vinavyokuja. Hakunigombeza. Aliandika mstari mmoja katika faili, nikavua koti. Nilirudi mjini nikimweleza kila aliyeniuliza kwamba Mzungu yule ana husuda.

Mke wangu yeye hakuandika kitu. Siku chache baada ya Idi, katika Mfungo Mosi, alifunga nguo zake, akamshika mkono binti yetu, akaenda zake kwao Ushongo. Binti yetu alikuwa na miaka mitano, na tangu masika ya mwaka ule alikuwa hasikii. Homa kali ilimpata, na alipoinuka masikio yakawa yamezibika. Watu walisema ni homa. Mimi nami nilisema ni homa, tena nilisema kwa sauti kubwa kuliko wao, maana mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu.

Baada ya wiki mbili mkwe wangu alinipelekea salamu kwa mtu. Mzee yule hakuwa mwingi wa maneno. Alisema atangoja mpaka Maulidi ya Mfungo Sita. Ikiwa Maulidi itanikuta bado nakunywa, watakwenda kwa kadhi, ndoa itavunjwa, na mtoto atalelewa Ushongo. Mimi nitaruhusiwa kwenda kumtazama, kama wageni wengine. Miezi mitano. Nililia sana siku ile, kisha nikaenda kunywa kwa huzuni, ambayo ni sababu nzuri kuliko nyingi nilizokuwa nikizitumia.

Si kwamba sikutibiwa. Nilitibiwa na kila mtu isipokuwa daktari. Niliandikiwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani katika sahani, likaoshwa kwa maji nikalinywa, na kwa kweli nilikuwa sijapata kushindwa kunywa kitu. Shangazi zangu walikata shauri kwamba nina pepo, nikapungwa siku tatu kwa ngoma na ubani. Siku ya tatu pepo akaulizwa anataka nini, naye akajibu kwa kinywa changu kwamba anataka tembo. Shangazi zangu, wanawake wacha Mungu, wakatuma mtu akamletee. Hiyo ndiyo dawa pekee iliyonipendeza, na nikaomba turudie.

Hata yule Msambaa aliyekuwa mwenzangu zahanati, Mkristo wa Kilutheri, mtu mpole, alikuja mjini kunitazama. Alisema kwao milimani mtu akiacha pombe huingizwa kwaya, akili yake ipate mahali pa kukaa. Nikamwambia mimi Mwislamu. Akafikiri, akaniuliza basi kwetu sisi mtu huimba nini. Nilimcheka swali lake mwezi mzima.

Mwisho hakuna aliyenitaka ila ami yangu, na yeye alinitaka kwa sababu marehemu baba alikuwa kamwachia wosia. Ami alikuwa mjane, amestaafu kazi ya bandarini, na kazi yake sasa ilikuwa kutunga mashairi na kuwashuku washairi wenzake kwamba wanamwibia vina. Alikuwa na sharti moja: nikinywa, natoka. Hakuongeza nasaha wala aya. Akanionyesha chumba cha uani, akarudi kwenye kiti chake.

Siku za kwanza sitazisifu. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilitoka jasho la baridi, nikaona sisimizi wanapanda dari, nikawahesabu, nikawaombea dua. Nililia pia, si kilio cha kiume. Chumba cha pili ami alikuwa anatunga shairi refu la kuwausia vijana subira. Siku ya nane subira ikamwisha. Alifungua mlango, akanitupia daftari la shule na penseli.

“Ikiwa huna budi kulia,” akasema, “lia kwa mizani.”

Kwa asiyejua: shairi la kwetu lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una silabi kumi na sita, nane huku na nane huku, na kila upande una kina chake. Silabi hizo huhesabiwa kwa vidole. Mimi vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, kwa hiyo nikapata tisa, mara saba, mara nikapotea kabisa. Ami alinifundisha kwa upole wa askari jela. Nikileta mstari wenye silabi tisa hakusema ni mbaya. Alinyoosha kidole kimoja cha ziada, akanitazama mpaka nione haya.

Niliichukia kazi ile. Lakini wiki ya tatu niligundua jambo. Saa yangu mbaya ilikuwa baina ya alasiri na magharibi. Ndiyo saa ambayo miguu yangu hujua njia bila mimi. Na saa ile ile ndiyo niliyokuwa nimekaa uani, vidole vimekunjwa, nikitafuta neno la silabi tatu lenye kuishia na kina nikitakacho. Nikilipata, jua limekwisha kuchwa, na siku imepita bila ya tembo. Sikumwambia ami, maana angedai kwamba amegundua dawa.

Ubeti wangu wa kwanza ulinichukua siku nne. Nitauandika hapa, msinicheke sana:

We tembo ni mnafiki, umenivunjia nyumba,
Hunipendi hunitaki, umenifunga kwa kamba,
Hata mto haubaki, umeuuza na pamba,
Nenda zako sikutaki, rudi kwenu kwenye shamba.

Ami aliusoma mara mbili. Akasema mizani imetimia, lakini maneno bado hayajafika. Nikadhani ni wivu, maana ndio ugonjwa wa ukoo wetu.

Kila Alhamisi baada ya alasiri washairi wa mtaani walikutana kwenye baraza moja, kwa muuza kahawa. Kulikuwa na makarani, mshona viatu, wazee wa msikitini, na maalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliyekuwa akifundisha watoto wa nusu ya Chumbageni. Nilipotimiza siku arubaini bila kunywa, ami alinipeleka. Nilighani beti zangu saba, zote za kulitukana tembo. Watu waliguna kwa kupendezwa, wakatikisa vichwa, wakarudia kibwagizo pamoja nami. Wazee waliokuwa wakivuka barabara wakiniona natoka kilabuni walinipa mkono na kuniita malenga. Nilijiona nimepona kabisa. Mtu akisifiwa hupona maradhi mengi, kwa muda wa nusu saa hivi.

Kisha mzee wa baraza akauliza, kama ilivyo desturi: “Nani atalisimamia tembo?”

Hapo ndipo penye kosa letu, na sidhani watu wengine duniani wangelifanya. Kwetu shairi lisilojibiwa halijaisha. Mtu akitunga kuisifu bahari, lazima atokee wa kuisifu nchi kavu, hata kama hajui kuogelea. Akitunga kumlaumu mwanamke, atatokea wa kumtetea. Kesi ya upande mmoja, walikuwa wakisema, ni umbea. Basi mlevi aliyeacha kwa siku arubaini ameghani shairi la kulifukuza tembo, na watu wazima wenye ndevu na tasbihi wanatafuta wa kulirudisha. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Nami sikuona.

Ilikuwa vigumu kumpata mtu. Waliokuwa wakinywa hawakujua mizani, na waliojua mizani hawakutaka kudhaniwa kwamba wanakunywa. Mwisho maalimu akainua mkono. Alieleza kwamba yeye hajaligusa tembo tangu azaliwe, wala baba yake, wala babu yake. Kwa hiyo hakuna atakayemshuku, na wakili hahitaji kuwa mwizi ili amtetee mwizi. Baraza zima likamshukuru kwa kujitolea.

Maalimu alikuwa mtu wa kazi safi. Hakutaka kusema asilolijua. Wiki ile alionekana kilabu cha tembo njia ya Pangani, kanzu nyeupe, miwani puani, amekaa na daftari. Aliwauliza walevi maswali kwa utaratibu: linaanza kwa utamu au kwa ukali? Koo huhisi nini? La asubuhi na la jioni lina tofauti gani? Majibu aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, huku walevi wakimwonea huruma mtu aliyefika umri ule bila kujua. Wazazi wawili waliomwona waliwatoa watoto wao chuoni. Aliporudi nyumbani, nasikia, alioga mara tatu.

Alhamisi ikafika. Maalimu akasimama, akakohoa, akaghani kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea Kurani. Alijifanya yeye ndiye tembo, naye alinijibu kwa vina vyangu mwenyewe, kama adabu inavyotaka. Alianza taratibu:

Asubuhi hunichoki, povu langu kama pamba,
Ni mtamu sisemeki, koo kavu nalilamba...

Mate yalinijaa kinywani. Nasema kweli, nilikunywa mwaka hadi mwaka lakini sikupata kulisikia tembo likielezwa vizuri vile. Mtu ambaye hajalionja kamwe alinirudishia ubaridi wake, kibuyu chake, na lile povu linalobaki mdomoni. Nililishika benchi kwa mikono miwili. Halafu akaja ubeti wa mwisho:

Mimi tembo sihamaki, nimekaa kwangu shamba,
Kwako sikuja, hakiki, wala siijui nyumba,
Mguu wako rafiki, ndio uliokusomba,
Hukushikiwa bunduki, ni nani alokuomba?

Baraza lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa kuwa ni kweli, na walinitazama waone kama nami nacheka. Nikacheka. Nilipewa mpaka Alhamisi ya pili niwe nimeleta jibu, kwa vina vile vile; nikinyamaza, nimekubali kushindwa. Maulidi ilikuwa imebakisha siku kumi na tatu.

Kabla ya Ijumaa kwisha walevi wa Tanga walikuwa wamekwisha lihifadhi shairi la maalimu. Walilighani sokoni, walilighani stesheni, mmoja alilighani nje ya dirisha la ami akiwa na uhakika kwamba ananisaidia. Watu walioshindwa kuhifadhi sura fupi za Kurani walizikamata beti tisa kwa siku moja. Kila nilikopita koo langu kavu lilikuwa linalambwa.

Nyumbani nilitegemea huruma. Ami hakuuliza kama nina kiu. Aliuliza kama nina kina. Heshima ya ukoo, alisema, iko mikononi mwangu. Nikaketi uani, nikatunga. Nililaumu shetani. Ami akasoma, akachana. Nililaumu marafiki wabaya, akachana. Nililaumu yule daktari wa Kizungu, kazi ya mashamba, hata ukali wa mke wangu, na ami akachana karatasi zote tatu bila ya kuvaa miwani.

“Maalimu keshakufungia milango hiyo,” akasema. “Kakwambia hakuna aliyekuomba. Wewe unamletea orodha ya waliokuomba.”

Jumanne alasiri miguu ilinichukua. Nilijiambia kwamba mshairi hana budi kumtazama adui yake machoni, na kwamba hata maalimu alikwenda kufanya utafiti. Mlevi akipata sababu yenye elimu ndani yake, hakuna wa kumzuia. Kilabuni walinipokea kama haji aliyerudi Makka. Wakanisogezea benchi, wakaniwekea kata mbele yangu, imejaa, na povu juu kama lilivyoelezwa.

Wakataka kusikia jibu. Nikasema bado. Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Tongoni, mkata mkonge, ambaye nilimfunga kidonda cha mguu mara nyingi wakati wangu. Yeye alikuwa bado ananiita dresa. Aliniuliza kwa upole, bila ya kutaka kunichoma: “Na yule mwana, yakhe? Homa ile ilimweza vibaya.”

Nilifungua kinywa niseme kama siku zote, kwamba ndiyo, homa, mipango ya Mungu. Halikutoka. Katika wiki zile sita kichwa changu kilikuwa kimezoea kuhesabu kila neno kabla ya kulitoa, na neno homa nililipima nikaliona halikai. Badala yake kichwani likaja jingine, nalo lilikuwa limetimia silabi nane bila ya mimi kulitafuta.

Haikuwa homa. Masika yale mke wangu alinipakatisha mtoto zahanati, anawaka moto, mimi nimekunywa tangu asubuhi. Nilimpimia kwinini ya maji kwa kijiko. Nikaenda kidogo kabatini penye spiriti, nikarudi, nikampimia tena. Mke wangu akasema, si umeshampa? Nikamuuliza hapa nani dresa. Jioni nikampa mara ya tatu, na mkono ulikuwa unayumba hata kijiko kikafurika, nikaona ni heri dawa izidi kuliko ipungue. Kwinini, ambayo miti yake Wajerumani waliipanda kule Amani ili watu wapone, ikizidi humla mtu masikio, na mimi nilifundishwa hivyo, niliandika hivyo katika mtihani nikapata alama nzuri. Siku ya pili homa ikashuka. Mtoto akawa anacheza uani, nikamwita kwa jina lake, hakugeuka. Nikamwita tena. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mimi wala si mtoto. Nikasema, homa hii mbaya sana. Hakumwambia mtu hata mmoja, mpaka alipofunga nguo zake.

Ile kata niliiacha pale pale. Ningependa kusema niliacha kwa ushujaa. Niliacha kwa kuwa nilihitaji vidole vyote kumi. Nilitoka pale nikihesabu, nikapita njiani nikihesabu, watu wakidhani nimerudia pombe, nikafika kwa ami sijamsalimu. Aliposoma hakuchana. Alinirudishia karatasi, akasema nikalale.

Alhamisi nilisimama mbele ya baraza, nikaghani ubeti mmoja tu:

Nakubali kwa hakiki, tembo hukuvunja nyumba,
Kwinini haipimiki, mkono unapoyumba,
Mwanangu hashituliki, hata radi ikigomba,
Mwizi ndimi, sifichiki, radhi yake ninaomba.

Hakuna aliyeguna wala aliyerudia kibwagizo. Wale wazee walikuwa wanamjua binti yangu. Walikuwa wameniombea dua za kuliondoa balaa la homa. Maalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Desturi ilimtaka ajibu.

“Sina jibu,” akasema. “Na tembo nalo halina.”

Njiani ami alisema mstari wa tatu umekaa vizuri. Kisha akafuta macho, akalalamika vumbi la barabara yetu, na mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa.

Sasa mnadhani nilinyenyekea. Hapana. Nilivimba. Mtu amesema kweli mara moja katika maisha yake, tena kwa vina, anaanza kungoja zawadi. Siku mbili kabla ya Maulidi nilipanda basi la Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, nikaenda kwa miguu mpaka Ushongo, kanzu imepigwa pasi na shairi mfukoni. Nilikuwa nimekwisha liona jambo lenyewe lote: mkwe atalia, mke atalia, mimi nitawanyamazisha.

Mkwe wangu nilimkuta barazani anatengeneza wavu. Nikampa shikamoo, akaipokea. Nikaomba ruhusa, nikaghani. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema vina vimelingana, akaniuliza kama neno hakiki linafaa kutumika pale. Tukalijadili. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, na tulipokuwa katikati ya majadiliano alitoka.

“Umewasomea watu wa Tanga?” akauliza.

Nikasema nimewasomea.

“Wakalia?”

Nikasema walilia, hata ami.

“Radhi ya mtoto unaiomba kwa watu wa Tanga,” akasema. “Mwenyewe yule pale.”

Binti yangu alikuwa ameketi mchangani nyuma ya nyumba, anapanga vifuu kwa ukubwa. Alikuwa amerefuka. Nilichuchumaa mbele yake, na hapo nikatambua kwamba sina kitu. Vina vyangu, mizani yangu, sauti iliyowatoa wazee machozi, vyote havikuwa na pa kuingilia. Nikasema, ni mimi. Aliangalia midomo yangu. Nikaonyesha kijiko kwa vidole, nikaonyesha kinywa chake, sikio lake, kisha nikajigonga kifua. Nikarudia. Nilikuwa nafanya vibaya sana, kwa haraka, huku nalia, na yeye alinitazama kwa subira, kama mtu anayetazama ngoma ya kabila asilolijua.

Kisha akainuka, akanijia. Nilifungua mikono. Nikajiandaa kusamehewa, kwa kuwa zamani, kila nilipotoka kazini, yeye ndiye aliyekuwa akinikimbilia mlangoni na kunishika shingo, na hata mke wangu aliponinunia nilikuwa nikijisifu kwamba mtoto ananipenda. Alinishika shingo vile vile. Akausogeza uso wake kwangu mpaka pua yake ikagusa midomo yangu, akavuta pumzi. Akatulia, akavuta tena. Halafu akageuka kumtazama mama yake aliyesimama mlangoni, akatikisa kichwa: hakuna.

Alilifanya jambo lile kwa wepesi wa mtu aliyeizoea kazi yake. Nikamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama chini. Basi nikajua kwamba yale makumbatio yote ya jioni, tangu mtoto hajafika miaka minne, yalikuwa ni hayo, na kwamba alikuwa akitumwa mbele ili mama yake ajue ni mume wa namna gani anayeingia nyumbani.

Hakuna aliyesema kwamba nimesamehewa, na mimi sikuuliza. Mke wangu aliingia ndani, akaongeza sahani. Walirudi Tanga baada ya Mfungo Sita kwisha. Kila jioni nilipofika mlangoni nilimwinamia binti yangu, aninuse, ndipo niingie, na alipokuwa mrefu wa kutosha sikuhitaji tena kuinama, nilisimama tu nikangoja, mpaka siku alipoolewa.